Boda: Kutoka Busia hadi Kegonga

Pale Kegonga, makao makuu ya Kuria Mashariki katika Kaunti ya Migori, neno "boda" halijitoshelezi. Ukisema "nataka boda," pikipiki tatu zitawashwa kwa mpigo. Ukisema "nataka kwenda boda," mwendeshaji atakuuliza boda ipi, kwa maana kuna Isebania, penye forodha na paspoti, na kuna mahali pengine pengi ambapo Kenya inaishia katikati ya shamba la mahindi na Tanzania inaanzia kwenye tuta linalofuata. Ukisema "boda amenichelewesha," unamlaumu mtu. Ukisema "nimebaki na ya boda tu," unazungumzia pesa. Na mama akikuambia mwanawe "anapiga boda," amekutajia kazi ya kijana, kipato chake, na hofu anayolala nayo yeye mwenyewe kila usiku mpaka asikie mlio wa pikipiki ukiingia uani.

Neno hili lilianza likiwa jina la mstari wa kuwatenga watu. Leo ni jina la chombo kinachowavusha. Safari ya kutoka maana ya kwanza hadi ya pili ilichukua karibu karne nzima, ikapita katika mikataba ya Ulaya, mashamba ya kahawa ya Brazil, utawala wa Idi Amin na viti vya nyuma vya baiskeli kabla ya kufika kwenye vilima vya Nyabasi, hapa Kegonga. Inastahili kusimuliwa kwa utulivu, kwa sababu waliolitengeneza neno hili hawakuwa wasomi wala watunga sera. Walikuwa vijana wenye baiskeli.

Tuanzie kwa wenye neno. Waingereza wanasema "border," nao waliliazima kutoka Kifaransa cha zamani, ambako "bordure" ilikuwa ukingo: pindo la nguo, au utepe unaozunguka nembo ya ukoo. Nyuma ya Kifaransa hicho kuna shina la zamani zaidi kutoka lugha za jamii ya Kijerumani, "bord," lililotaja ubavu wa merikebu. Kwa hiyo neno lilikuwa la mafundi na mabaharia kabla ya kuwa la wafalme. Lilipopata maana ya mpaka wa nchi, lilishika mizizi hasa katika ukanda mmoja, kusini mwa Scotland ambako Scotland inakutana na England. Ukanda huo unaitwa kwa neno hilohilo hadi leo.

Na huko palikuwa na mambo ambayo mzee wa Kikuria angeyaelewa bila mkalimani. Kwa karne tatu hivi, hadi mwanzoni mwa karne ya 17, koo za pande zote mbili ziliishi kwa kuvamiana usiku na kuswaga ng'ombe na kondoo wa jirani. Ukoo ulikuwa na nguvu kuliko taifa. Mtu angeweza kuwa na mjomba upande wa pili wa mpaka na adui upande wake mwenyewe, na mfalme aliyetaka kumhukumu mwizi alikuta ameshavuka kwenda kwa mfalme mwingine. Mwaka 1603 James wa Scotland alirithi pia kiti cha England, wizi huo ukaanza kuzimwa kwa mabavu, wengine wakinyongwa na wengine wakihamishwa. Mpaka uliokuwa kinga yao ulikuwa umekoma kuwa kinga.

Miaka chini ya 300 baadaye, wajukuu wa watu hao walikaa mezani na Wajerumani wakachora mpaka mwingine, mbali kabisa na kwao. Katika makubaliano ya mwaka 1886, mstari ulianzia kwenye mdomo wa mto Umba karibu na Vanga, ukapinda kuuacha mlima Kilimanjaro upande wa Wajerumani, halafu ukaelekezwa hadi ufuo wa mashariki wa Ziwa Victoria, pale latitudo ya digrii 1 kusini inapogusa maji. Mkataba wa Julai 1890 ukauvusha ziwa. Chukua ramani yoyote uitazame sehemu hiyo ya magharibi: haufuati mto, haufuati mlima, haufuati malisho. Umenyooka tu. Tume ya pamoja ya Waingereza na Wajerumani ilipita kuupima na kuweka alama kati ya 1904 na 1906, na hapo ndipo wenyeji walipoona kwa macho kitu kilichokuwa kimeamuliwa miaka 20 nyuma.

Mstari ulipita juu ya Wakuria, wenyeji wa eneo hili. Koo kama Wanyabasi na Wairege zikajikuta na miguu katika nchi mbili. Upande wa Kenya leo wako Kuria Magharibi na Kuria Mashariki. Upande wa Tanzania wako Tarime na Serengeti katika Mkoa wa Mara. Majina ya mahali yenyewe yanakataa kugawanyika. Kenya kuna mji wa Kehancha, Tarime kuna kata ya Kwihancha. Kenya kuna Kegonga hii ninayoiandika, na Tarime kuna kijiji cha Kegonga katika kata ya Nyanungu, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mgeni akisoma habari za Kegonga gazetini lazima kwanza aulize gazeti ni la Nairobi au la Dar es Salaam.

Mpaka huo ulionja damu mapema. Septemba 1914, vita vya wakubwa vilipozuka Ulaya, kikosi cha Wajerumani kilivuka kutoka kusini kikafika Kisii, na tarehe 12 mwezi huo wakapigana na Waingereza pale mjini. Baada ya vita Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza, na kwa miaka 40 hivi pande zote mbili zilitawaliwa na bendera moja. Mpaka ukawa mwepesi. Watu walioa, walizika, walihamisha mifugo, na afisa wa wilaya aliyekasirika upande huu alimwandikia barua mwenzake wa upande ule kwa Kiingereza chao.

Uhuru ndio uliouongezea mpaka uzito. Tanganyika ilijitawala Desemba 1961, Kenya Desemba 1963, na Julai 1964 viongozi wa Afrika waliokutana Cairo wakaafikiana kwamba mipaka iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni ibaki ilivyo. Nyerere alikuwa mmoja wa watetezi wakubwa wa azimio hilo. Naelewa hofu yake. Bara zima lingeweza kuwaka. Lakini haki itendeke: bei ya amani hiyo ililipwa na watu kama Wakuria, Wamaasai, Wateso na Wasamia, ambao hawakuulizwa mwaka 1886 na hawakuulizwa 1964. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa rasmi hadi Novemba 1983. Kwa miaka 6 na zaidi, dada aliyeolewa ng'ambo alikuwa amefungiwa nje na serikali ambayo hakuwahi kuiona.

Hapa Nyabasi, basi, jambo lenyewe lilikuwepo na lilijulikana vizuri. Lakini jina lake la leo lilikuwa linapikwa kwingine, kaskazini, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda.

Busia, mji ulio kwenye mpaka huo, nao una kisa chake cha mstari. Hadi mwaka 1902 Uganda ya Waingereza ilienea mashariki hadi Naivasha. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, ilikuwa imefika Uganda, ndiyo maana iliitwa Reli ya Uganda. Aprili 1902 sehemu hiyo ya mashariki ilihamishiwa himaya ambayo baadaye ikawa Kenya, na mpaka ukasogea magharibi kuelekea walipo Wasamia na Wateso. Ndugu waliokuwa katika nchi moja Machi wakaamka katika nchi mbili Aprili.

Baada ya uhuru kukawa na mageti mawili pale Busia, la Kenya na la Uganda, na kati yake zaidi ya nusu maili ya barabara. Basi lilikushusha upande mmoja. Basi lingine lilikungoja upande wa pili. Katikati ulitembea, juani, na mzigo kichwani na mtoto mkononi. Magari yalihitaji karatasi. Baiskeli haikuuliziwa karatasi. Vijana wenye baiskeli nyeusi nzito, zile ambazo Kenya ziliitwa Black Mamba, wakaona riziki ilipo. Wakashona mto wa sponji wakaufunga juu ya keria, wakaweka vyuma vya kukanyagia kwa abiria, wakasimama pale basi linaposhushia watu. Simulizi za pande zote mbili zinaweka mwanzo huo katika miaka ya 1960 na 1970.

Walichokiita ndicho kilichobaki: "Boda! Boda!"

Kuna maelezo yanayopendwa sana kwamba neno hilo ni ufupisho wa "border to border," yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Yanavutia, na yamerudiwa mara nyingi kiasi cha kuaminika. Mimi sishawishiki. Mtu anayeita abiria hatungi sentensi. Simama katika steji yoyote ya matatu usikilize: "Migori Migori!" "Kisii Kisii!" "Tao tao!" Makanga hutaja mwisho wa safari na kuurudia, kwa sababu sikio la msafiri aliyechoka hukosa neno la kwanza na kudaka la pili. Kiswahili nacho kinapenda kurudufu: polepole, kandokando, sawasawa. Na kugeuka kwa "border" kuwa "boda" ni njia ileile iliyotupa oda, poda, sweta, spana na meneja. Nadhani vijana wa Busia walikuwa wanataja tu mahali walipokuwa wanaelekea, na habari za "mpaka hadi mpaka" zilikuja baadaye, zikaletwa na waliotaka neno liwe na adabu ya Kiingereza.

Halafu ikaja kahawa. Idi Amin alitwaa madaraka Januari 1971. Agosti 1972 aliamuru Waasia waondoke, maduka yakafa, na shilingi ya Uganda ikawa karatasi. Julai 1975 baridi kali iliua mibuni huko Brazil, na kufikia 1976 na 1977 bei ya kahawa duniani ilipanda kupita kiasi. Mkulima wa Uganda aliyeuza kwa bodi ya serikali alipata fedha isiyonunua sabuni. Akivusha gunia hadi Kenya alipata shilingi iliyonunua sabuni, chumvi, sukari na bati. Magendo yakawa uchumi. Soko la Chepkube, karibu na Mlima Elgon, likapata sifa iliyofika Nairobi. Na katika njia za miguu zilizopita migombani, ambako lori halipiti, gunia lilisafiri juu ya baiskeli.

Mara nyingi historia ya bodaboda husimuliwa kana kwamba ilihusu abiria peke yake. Kwa maoni yangu magendo ndiyo yaliyoifanya baiskeli kuwa mtaji. Kijana aliyebeba kahawa usiku alinunua baiskeli ya pili akampa ndugu yake. Bei ya kahawa iliposhuka baiskeli zilibaki, na miguu yenye nguvu ilibaki, na watu bado walihitaji kubebwa. Neno likaondoka mpakani. Likaenda Tororo, Mbale, Jinja, likaingia Kampala, na huko katika miaka ya 1990 likaanza kuhama kutoka baiskeli kwenda pikipiki. Upande wa Kenya likashuka Bungoma na Kakamega hadi Kisumu, ambako baiskeli zenye mito ya rangi zilijaa katika miaka hiyohiyo, kisha likaendelea Homa Bay na Migori. Kwa wakati huo hapakuwa na mpaka wowote karibu na abiria wa Kisumu aliyepanda boda kutoka sokoni kwenda Kondele. Maana ya mpaka ilikuwa imeyeyuka, jina likabaki.

Tanzania haikulipokea mara moja. Kanda ya Ziwa ilikuwa tayari na jina lake: huko Shinyanga na Mwanza baiskeli za abiria ziliitwa daladala, kama mabasi madogo ya Dar es Salaam. Nalo daladala ni mtoto wa Kiingereza, kutoka "dollar," jina la utani la sarafu ya shilingi 5 iliyokuwa nauli. Pikipiki zilipokuja, neno la Busia likashinda. Kanuni za serikali ya Tanzania za mwaka 2010 zikatambua pikipiki na bajaji kama vyombo vya kubeba abiria kwa leseni, na mtaani watu walikuwa wameshaamua kuziita bodaboda. Ni jambo la kutafakari kwamba neno lililozaliwa kati ya Kenya na Uganda lilikwenda kuzunguka nchi 3 kisha likaja kuitumikia ardhi ya Wakuria, ambako mpaka uko mlangoni.

Kenya, mageuzi makubwa yalikuja mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zenye injini ndogo ya chini ya sisi 250. Bei ikashuka hadi mahali ambapo chama cha akina mama, mwalimu wa shule ya msingi au mkulima wa tumbaku aliyelipwa vizuri msimu mmoja angeweza kununua. Kegonga palikuwa pamesubiri kitu kama hicho. Nchi hii ni ya miinuko. Mvua ikinyesha udongo wake unashika gurudumu kama gundi, na baiskeli yenye abiria haikuwahi kuwa jibu la kilima cha hapa. Pikipiki ilipanda. Sokoni, shuleni, zahanati na kwa wakwe vikasogea karibu kwa mara ya kwanza.

Itazame moja kwa karibu. Ni pikipiki ya aina ya Boxer, namba yake ikianza na KM, kama ilivyo kawaida kwa pikipiki za Kenya. Keria ya kiwandani imetolewa, fundi wa kuchomelea amefunga nyingine ndefu ya nondo inayopita taa ya nyuma. Mbele kuna gadi ya chuma ya kulinda miguu. Kwenye mikono ya usukani kuna vitambaa vizito vya kukinga baridi ya alfajiri. Kandokando ya kiti zinaning'inia kamba za mpira zilizokatwa kutoka tyubu kuukuu. Kijana anapofunga robota la tumbaku hulilaza kwanza bapa, anapitisha mpira chini ya keria, anauvuta kwa goti hadi unalia, anarudia kwa msalaba, kisha anasukuma mzigo kwa bega kuupima. Usipotikisika, anaondoka. Jioni keria hiyohiyo hubeba mbuzi, au magunia ya mahindi, au godoro la bi harusi.

Usiku hubeba kisichofungwa kwa mpira. Mjamzito aliyeshikwa na uchungu saa 8 za usiku huketishwa katikati, mwendeshaji mbele, dada au mama mkwe nyuma akimkumbatia kiuno, na hivyo wanashuka polepole hadi hospitali ya Kegonga. Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu kwa pikipiki. Tanzania kupakia hivyo kunaitwa mshikaki, na trafiki hukamata. Naziheshimu sheria hizo, zimewekwa kwa sababu watu wanakufa barabarani. Lakini aliyeziandika hakuwa na mwanamke wa kumfikisha hospitali kwa njia hiyo, na wauguzi wanaofungua mlango usiku hawahesabu abiria.

Ukivuka upande wa pili namba zinaanza na MC na msamiati unabadilika kidogo. Kinachoitwa steji Kenya, kule ni kijiwe. Kasta wa Kegonga ni abiria au bosi Tarime. Kijana anayeshika pikipiki ya mwenzake kwa siku moja huitwa skwodi huku, na deiwaka kule, maneno mawili ya Kiingereza yaliyopewa uraia wa nchi mbili tofauti kwa kazi moja. Pesa ya jioni anayopelekewa mwenye chombo Tanzania ni hesabu. Neno lisilobadilika ni boda. Kwenye minada ya mpakani, ambako shilingi ya Kenya na ya Tanzania hupokewa mkono mmoja, neno hilo ni sarafu ya tatu.

Na hapa ndipo maana ya kale inapofufuka. Boda wa Kegonga si boda wa Kondele. Anajua njia za panya, anajua ni kijito gani kinapitika Aprili na kipi hakipitiki, anajua askari wa zamu ni mkali au mpole. Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa watu kwa sababu ya korona, ikaacha mizigo tu. Machi 2021 ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu, na baada ya siku chache ikalegeza kwa masharti. Amri kama hizo hutangazwa Nairobi, na mizani yake hupimwa hapa, pale gunia linapogawanywa mara mbili ili litoshe kwenye keria. Serikali za Kenya na Tanzania zimekuwa zikikarabati na kuongeza alama za mpaka, ambazo wenyeji huziita bikoni. Mbuzi hujikuna kwenye bikoni. Boda huitumia kumwelekeza mgeni.

Sitaki kuipaka kazi hii rangi nzuri tu. Njia inayopitisha mahindi ndiyo inayopitisha bangi, na ndiyo inayopitisha ng'ombe wa wizi. Mwanaanthropolojia Michael Fleisher, aliyechapisha kitabu chake kuhusu wizi wa ng'ombe wa Wakuria mwaka 2000, alionyesha jinsi desturi ya zamani ya kuvamia kwa ajili ya mahari na sifa ilivyogeuka kuwa biashara ya fedha, mifugo ikiibwa Tanzania na kuuzwa Kenya. Mpaka ndio ulioleta faida hiyo, maana ng'ombe aliyevuka alikuwa amepoteza mwenyewe. Kama kule Scotland, mkosaji alikuwa na nchi ya pili ya kukimbilia.

Ndiyo maana linaniuma neno hili linapotumika kama tusi. Kwenye mitandao na hata kwenye vikao vya watu wazima utasikia mtu akisema "tabia za boda" au "lugha ya boda," akimaanisha uhuni, kelele, fujo barabarani. Yapo makosa, tena makubwa. Machi 2022 Wakenya waliona video ya mwanamke akidhalilishwa na kundi la waendeshaji jijini Nairobi, na hasira iliyofuata ilikuwa ya haki. Hata hivyo, kosa la kundi moja Nairobi halimfanyi mhuni kijana wa Nyabasi aliyeamka usiku kupeleka mgonjwa asiye na nauli. Wanasiasa nao wana namna yao ya kulidhalilisha neno: msimu wa kampeni boda hugeuka kuwa idadi, pikipiki 100 zikipuliza honi mbele ya msafara, mafuta yamelipwa, na uchaguzi ukipita barabara hubaki vilevile.

Wenye mitaji walilithamini mapema zaidi. Kampala mwaka 2014 ilizaliwa kampuni ya SafeBoda, iliyowaunganisha waendeshaji na abiria kwa simu na kusisitiza kofia ngumu. Neno la kuitia watu kwenye geti la forodha likawa jina la biashara ya teknolojia. Sioni ubaya. Naona tu kwamba kila aliyelishika amelipatia faida, isipokuwa wale waliolianzisha.

Nao hao wanazeeka. Kijana aliyekuwa na miaka 20 akiendesha baiskeli pale Busia mwaka 1970 sasa ana zaidi ya miaka 70. Wapo pia wazee wa Kegonga, Ntimaru na Sirari waliovuka kwa miguu wakati mpaka ulipofungwa kati ya 1977 na 1983, na wanaoweza kueleza walivyowasiliana na ndugu zao kabla ya pikipiki na simu. Kumbukumbu zao haziko katika maktaba ya kaunti wala katika kamusi zetu, ambako kidahizo cha bodaboda kikiwekwa huishia kwenye mstari mmoja au miwili. Walimu wa Kiswahili wa Migori, Busia na Tarime, watumeni wanafunzi wenu na simu zao za kurekodi, waende kwa wazee hao likizo hii, waulize nani aliita kwanza, aliita nini, na alikuwa anaelekea wapi.